Asili ya Mia: Historia Fupi ya Istilahi za Ongezeko

Neno asilimia limezoeleka katika nyaraka za Serikali, katika magazeti na katika karatasi za mitihani. Hata hivyo, ni wachache wajiulizao limeundwa na nini, na kabla yake watu walihesabuje. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa kufuata njia ya misafara iliyounganisha pwani na Tabora, kisha kuonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kumfaa mwalimu, mfasiri na mtumishi wa umma.

Kiswahili kilikuwa na msamiati wa sehemu tangu zamani: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni, hata ushuri, yaani sehemu ya kumi. Neno ushuru nalo ni la ukoo huo huo wa Kiarabu. Zaka ya mali ilielezwa kuwa robo ya sehemu ya kumi. Sisi leo tungesema asilimia 2.5. Lakini mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani, uliotiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833, uliweka ushuru wa tano kwa mia juu ya bidhaa zilizoteremshwa. Basi neno ambalo asili yake ni sehemu ya kumi likabeba nusu tu ya sehemu hiyo. Jina lilibaki, kiwango kikabadilika. Na tangu hapo mtu hakuweza kujua kiwango kwa kusikia jina peke yake.

Nguo za merikani zilizolipiwa ushuru huo zilipandishwa na wapagazi hadi Unyanyembe. Mtendeni, mtaa wa Tabora ambao jina lake latukumbusha mtende, umo katika mji uliokuwa njia panda ya misafara ya Ujiji na ya Buganda. Burton aliyefika hapo Novemba 1857 alikuta makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Mwanahistoria Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987, ameonyesha kuwa bei ya frasila moja huko Zanzibar ilipanda kutoka riale 22 hivi mwaka 1823 hadi riale 89 hivi mwaka 1873.

Je, bei hiyo iliongezeka kwa asilimia ngapi? Hapa ndipo lugha inapoamua hesabu. Mtu aweza kusema kwamba bei ilikuwa mara nne ya ile ya kwanza, naye amesema kweli. Akiendelea kusema kwamba iliongezeka kwa asilimia 400, amekosea. Nyongeza ni riale 67. Tukigawanya 67 kwa 22, kisha tukazidisha kwa 100, twapata takriban 305. Zile mia zilizopungua ni bei ya kwanza yenyewe, ambayo haikuwa nyongeza bali ilikuwapo tangu mwanzo.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka ule ule wa siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Na Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa mwaka 1973. Hisabati ya shule za msingi ilihitaji istilahi. Katika somo la sehemu, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Kwa hiyo asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Aidha, asili katika lugha ya kila siku ni chanzo, mahali kitu kilipotoka; na katika maswali ya ongezeko, namba ikaayo chini ni ile ya chanzo. Maana hizo mbili zikifundishwa pamoja, neno lenyewe humwonyesha mwanafunzi njia ya kufuata.

Tuseme swali la mtihani ni hili: lita moja ya asali dukani Mtendeni inauzwa shilingi 10,000 baada ya bei kuongezeka kwa asilimia 25, bei ya awali ilikuwa ngapi? Wengi watatoa robo ya 10,000 na kujibu 7,500. Lakini asili ya hiyo 25 ni bei ya awali. Shilingi 10,000 ni asilimia 125 ya bei hiyo. Basi jibu ni 8,000.

Jambo hili si la watoto peke yao. Tarehe 1 Mei 2025, huko Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, yaani kwa asilimia 35.1. Nyongeza ya 130,000 imegawanywa kwa 370,000. Mwenye kugawanya kwa 500,000 atapata 26, na atadhani ametangaziwa uongo.

Kwa hiyo yafaa waandishi wa nyaraka na watunzi wa maswali washike kanuni mbili. Kwanza, kwa itaje nyongeza, na hadi itaje kiwango cha mwisho. "Kuongezeka kwa 30" na "kuongezeka hadi 30" visichanganywe. Pili, kila asilimia itajwe pamoja na asili yake: asilimia ya nini, na ya mwaka gani. Mtahiniwa ana dakika chache tu mbele ya swali, na kihusishi kimoja kilichowekwa ovyo chaweza kumnyima alama ambayo hesabu yake ilistahili.