Ushuru uliorejeshwa si zawadi: Namna ya kuupangia kazi Kitui na Makueni

MWALIMU wa Mwingi au muuguzi wa Wote anaporejeshewa ushuru na Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru Nchini (KRA), hapewi bahati nasibu. Hizo ni fedha zake mwenyewe alizokatwa kupita kiasi, na muda wote zilipokuwa mikononi mwa serikali, nyumba yake ilikuwa ikijinyima au kukopa.

Ndiyo maana yafaa zipangiwe kazi kabla hazijafika. Fedha zinazoingia bila mpango hutoka vivyo hivyo, na katika kaunti hizi kavu kosa hilo hulipwa kwa njaa.

Nani hurejeshewa?

Mwaka wa ushuru huanza Januari 1 na kukamilika Desemba 31. Mwajiri humpa mfanyakazi fomu ya P9 inayoonyesha mshahara, makato na nafuu alizopata, naye huwasilisha taarifa yake kupitia mfumo wa iTax kufikia Juni 30. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000.

Wengi hukatwa zaidi kwa sababu mwajiri hakuhesabu nafuu wanayostahili. Anayelipia bima ya maisha, ya afya au ya elimu iliyotimiza masharti hupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, mradi isizidi Sh5,000 kwa mwezi.

Aidha, riba ya mkopo wa kununua au kujenga nyumba ya kuishi, uliotolewa na taasisi inayotambuliwa na sheria, huondolewa katika mapato yanayotozwa ushuru. Kiwango cha juu kilipandishwa hadi Sh360,000 kwa mwaka kupitia marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika Desemba 27, 2024.

Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha kutoka KRA hatozwi ushuru kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake kila mwezi. Cheti kikiisha muda bila kuhuishwa, makato huanza tena.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayelipia bima ya maisha Sh4,000 kila mwezi. Nafuu yake ni Sh600 kwa mwezi, yaani Sh7,200 kwa mwaka. Ikiwa mwajiri hakuihesabu, mwalimu huyo anadai Sh7,200. Atahitaji cheti cha malipo kutoka kwa kampuni ya bima.

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa mlipaji miaka 5 tangu alipolipa kuwasilisha ombi. Hata hivyo, akiwa na deni jingine la ushuru, fedha hizo hulilipa kwanza. Si busara, basi, kukopa kwa kutegemea malipo ambayo bado hayajaidhinishwa.

Kalenda ya mvua na ya karo

Katika Ukambani, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei. Mkulima hutafuta mbegu kuanzia Septemba na kuvuna kuanzia Januari, mwezi ule ule ambapo shule hudai karo ya muhula wa kwanza.

Hapo ndipo familia nyingi hunaswa. Huuza ndengu, kunde na mahindi mara tu baada ya kuvuna, wakati bei iko chini, ili kulipa karo. Miezi michache baadaye hurudi sokoni kununua chakula kile kile kwa bei ya juu.

Anayewasilisha taarifa yake mapema, badala ya kungoja msongamano wa Juni, ana nafasi nzuri zaidi ya kupata fedha zake kabla ya msimu wa kupanda.

Utaratibu wa matumizi

Deni ghali lilipwe kwanza. Mkopo wa simu wa Sh4,000 unaotozwa asilimia 7.5 kwa siku 30 hugharimu Sh300. Ukikopwa upya kila mwezi kwa mwaka mzima, gharama yake ni Sh3,600, na deni lenyewe lingali palepale.

Pili ni afya. Tangu Oktoba 1, 2024, Bima ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF. Kaya isiyo na mshahara hulipa angalau Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Kwa hiyo nusu ya Sh7,200 za mwalimu wetu yaweza kuwalipia wazazi wake kijijini mwaka mzima, iwapo wamepangiwa kiwango hicho cha chini.

Tatu ni mbegu na hifadhi ya mavuno. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa, lakini nafaka sharti ikaushwe kwanza hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Hili si jambo dogo. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui.

Kinachosalia kiwekwe katika Sacco au akaunti ya karo. Mwenye gunia la akiba na karo mkononi ifikapo Januari halazimiki kuuza ndengu zake kwa bei ya kutupa.

Hatimaye, mume na mke waketi pamoja na kuandika mpango huo kabla ya fedha kuingia, kisha wanakili kila shilingi inayotoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari hilo hilo, likiwa na risiti za bima na za mkopo, ndilo litakalowasaidia kudai haki yao mwaka ujao.