Kipepeo wa pori ndani ya lupango

Mkaaji wa Kasungami akiona kipepeo mkubwa, mwenye mikia midogo kwenye mabawa ya nyuma, ametua juu ya maembe yaliyooza katika lupango, asidhani ni mgeni. Wataalamu wanamwita Charaxes. Jamaa yake waliishi huku kabla ya mji kujengwa.

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville. Mwaka huohuo reli kutoka Rhodesia ilifika, na mwaka 1911 Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Mbele ya hapo lilikuwa pori la miombo: musamba, mutondo, mutobo. Viwavi wa Charaxes wa aina kadhaa hula majani ya miti ya pori hilo.

Wazungu waliokaa mjini walikusanya wadudu hao. Mmoja wao, Charles Seydel, alikusanya wengi sana, hata leo kuna aina zinazobeba jina lake, seydeli. Wadudu wengi wa Congo walipelekwa Ubelgiji, wakahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren.

Lakini wenyeji walikuwa na elimu yao tayari. Walijua finkubala wanapatikana juu ya mti gani na majira gani, namna ya kuwakausha na kuwapika. Finkubala asipookotwa, hugeuka nondo, ndugu wa kipepeo anayeruka usiku. Profesa François Malaisse, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuchunguza pori la Luiswishi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya pori kama hivyo.

Kilichowafanya vipepeo hawa kuwa adimu karibu na mji ni shoka. Miti ilikatwa kwa mbao, kwa kuchoma matofali, na zaidi kwa makala. Lawama si ya familia zilizokimbia vita peke yao. Karibu mji mzima unapika kwa makala. Ila mti ukiisha, kipepeo anaisha, na finkubala wanaisha sokoni.

Dawa moja iko karibu. Kisiki cha mutondo au musamba, kisipong'olewa wala kuchomwa, huchipua tena. Penye kisiki cha namna hiyo katika lupango, kiachwe. Na mwenye mlimao asiue kila kiwavi anayemkuta juu ya majani. Wengine ni watoto wa kipepeo.