Bibi wa Utetela: Dai la Tippu Tip juu ya Uzao wa Mama Yake

Waandishi wengi wa historia ya Kongo na Zanzibar huimaliza kwa sentensi moja habari ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, kujitangaza mbele ya watu wa Utetela, huko Kongo, kuwa ni mjukuu wa ukoo wao wa kitawala. Husema tu kwamba alimdanganya mzee mmoja, akapata nchi. Hukumu hiyo huenda ni sahihi, lakini hoja iliyozoeleka kuitetea, yaani kwamba mama yake alikuwa Mwarabu wa Maskati na kwa hiyo asingeweza kuwa na bibi wa Kongo, ni hoja isiyosimama, na inastahili kuchunguzwa upya hasa na wasomaji wa sehemu ambazo ukoo huhesabiwa kwa mama.

Chanzo kikuu cha habari hii ni Tippu Tip mwenyewe. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode, aliyekuwa katika ubalozi wa Ujerumani Zanzibar, akayageuza katika herufi za Kilatini na kuyatafsiri kwa Kijerumani, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mwaka 1974 François Bontinck akayatoa kwa Kifaransa pamoja na maelezo mengi. Ni jambo la kusikitisha kwamba kitabu kilichotungwa kwa Kiswahili kimejadiliwa zaidi katika lugha nyingine tatu.

Mambo mengine ya maisha yake yanajulikana vya kutosha: kuzaliwa kwake Zanzibar katika miaka ya 1830 au karibu na 1840, kumshinda mtawala Nsama wa Itabwa mwaka 1867, safari zake na msafiri Stanley kuanzia 1876, uliwali wake wa Stanley Falls chini ya Dola Huru ya Kongo kuanzia 1887, na kifo chake Zanzibar mwezi Juni 1905, akiwa miongoni mwa wenye mashamba wakubwa kabisa wa kisiwa hicho. Hutajwa mara nyingi mashamba 7 na watumwa 10,000, ingawa tarakimu ya pili ni ya duara mno kuaminiwa kama hesabu.

Nasaba yake ya kuumeni, yaani mfuatano wa mababa anaojitambulisha nao mtu, haina ugomvi mkubwa. Rajab bin Muhammed bin Said el Murjebi, baba wa babu yake, alimwoa binti wa Juma bin Muhammed el Nebhani, mtu wa ukoo ulioheshimika Maskati, na mama wa binti huyo alikuwa mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kilicho kusini ya Dar es Salaam ya leo. Ni vema kuliangalia jambo hili kwa makini, kwa sababu linaonyesha kwamba upande ule unaosemwa kuwa wazi una mwanamke wa pwani ndani yake, naye akajulikana kwa kijiji chake tu, bila jina. Mama yake Hamed alikuwa binti wa Habib bin Bushir el Wardi. Nani alikuwa mke, au suria, wa Habib aliyemzaa binti huyo, nasaba haisemi, na wala haikuwa kazi yake kusema.

Kisa chenyewe kilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1870, karibu na mto Lomami. Katika masimulizi ya Tippu Tip, kwanza huja habari aliyoipata njiani, kwamba Rungu Kabare, mtawala mkubwa wa Urua ambaye wanahistoria humtambua kuwa Ilunga Kabale wa Waluba, aliwahi kuipiga Utetela na kuwateka dada wawili wa Kasongo Rushie, mtawala wa huko. Kisha hufuata dai: kwamba babu yake Habib alifika Urua, akampata mmoja wa mateka hao, akamfanya suria, akamzalia binti ambaye ndiye mama yake Hamed. Kasongo Rushie, ambaye wakati huo alikuwa mkongwe sana, alimpokea kama mjukuu aliyerudi nyumbani, akawaita watu wake na kumkabidhi utawala. Msafiri Verney Lovett Cameron alipomkuta mwaka 1874, Mwarabu huyu wa Zanzibar alikuwa tayari ni mtu wa kutolewa heshima za kichifu na pembe za ndovu katika nchi hiyo.

Brode aliichukulia habari hiyo kuwa ni hila ya mjanja, na waliomfuata wengi wamerudia maneno yake. Wazungu wa wakati ule walijishughulisha zaidi na sura kuliko ukoo. Stanley, kwa mfano, alimweleza kuwa mtu mrefu mwenye ndevu nyeusi na rangi ya Kiafrika, lakini mwenye adabu za muungwana wa Kiarabu, kana kwamba mambo hayo mawili yalihitaji kusuluhishwa. Uchunguzi wa aina hiyo hauna faida yoyote kwa mtu anayetafuta ukweli juu ya bibi fulani wa Utetela, kwani rangi ya Tippu Tip ingeweza kutoka Mbwamaji kama ilivyoweza kutoka mahali pengine popote.

Hoja ya Umaskati nayo ni dhaifu kwa sababu za kisheria. Suria ni mwanamke mtumwa anayekaa na bwana wake kama mke; mtoto wake, bwana akimkubali, huzaliwa huru, huchukua jina la ukoo wa baba na hurithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Kwa hiyo mtu kuwa el Wardi wa Maskati kwa jina hakukanushi hata kidogo uwezekano wa bibi aliyetekwa bara. Jambo hili halikuwa la aibu wala la pembeni: watoto wote walioachwa na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria, na mwanawe Barghash aliyetawala tangu 1870 alizaliwa na mama wa Kihabeshi. Hata amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba iliwaacha masuria kando, wakangoja hadi 1909. Nyumba nyingi za wenye mashamba zilijaa mabibi ambao nchi walizotoka hazikuandikwa, na wengi wao walipitia Kilwa Kivinje, bandari iliyokusanya mateka wa kusini, kutoka kwa Wayao, Wanyasa, Wangindo na Wamwera.

Kwa msomaji wa Narung'ombe, huko Ruangwa, hapa pana mvuto wa hatari. Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea, kama majirani zao Wamakua, Wamakonde na Wayao, huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana sauti kuliko baba katika mambo ya ukoo. J. A. R. Wembah-Rashid aliieleza desturi hiyo katika utafiti wake juu ya watu wa umama wa kusini-mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 1975. Kwa mtu aliyelelewa katika hesabu hiyo, mtoto wa binti wa dada wa mtawala si mgeni anayejipendekeza, ni mrithi. Ni rahisi basi kusema kwamba Tippu Tip alifaulu kwa kuwa aligusa sheria ya umama. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hayafai, kwa sababu Batetela, yaani watu wa Utetela, huhesabu ukoo kwa baba, na Waluba pia. Mtoto wa dada ana upendeleo na utani wake kwa wajomba katika jamii nyingi za aina hiyo, lakini kiti cha utawala ni jambo jingine.

Kinacholiangusha dai lenyewe ni miaka. Utawala wa Ilunga Kabale huwekwa takriban kati ya 1840 na 1870. Mwanamke aliyetekwa naye, hata mwanzoni kabisa mwa utawala huo, asingeweza kuwa na binti aliyekwisha kuzaa mtoto karibu na 1840. Aidha, wafanyabiashara wa pwani walikuwa bado hawajavuka Ziwa Tanganyika katika wakati ambao Habib angepaswa kuwa Urua ili mama yake Hamed azaliwe kwa wakati. Mpangilio wa masimulizi yenyewe, ambamo habari ya mateka hutangulia na undugu ukafuata, unaelekea upande huohuo. Dai lilikuwa la kutungwa, basi, lakini hukumu hiyo inatokana na kalenda ya Waluba, wala haitokani na usafi wowote wa ukoo wa Wardi.

Linabaki swali la Kasongo Rushie, ambaye vitabu humwonyesha kama mzee aliyepumbazwa. Msafara wa bunduki nyingi ulikuwa umesimama mlangoni kwake, na majirani wake walikuwa wamekwisha kumwumiza. Kumwita mwenye bunduki mjukuu kulimpa haki ya kudai ulinzi ambao mfanyabiashara mpita njia asingedaiwa. Inawezekana kabisa kwamba alijua hesabu ya dada zake vizuri kuliko mgeni wake. Njia hiyo haikuwa ngeni hata nyumbani kwa Hamed: baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa amemwoa Karunde, binti wa Fundikira mtawala wa Unyanyembe, na kwa ukwe huo akawa mtu mwenye neno katika nchi ya Tabora alikokuwa na makazi yake Ituru.

Tena, kitabu cha Tippu Tip hakianzi na baba zake wa Murjebi. Kinaanza na kijana wa miaka 12 anayefanya biashara ya sandarusi, yaani utomvu wa mti uliotumika kutengenezea vanishi, akiwa pamoja na wajomba zake Bushir na Abdallah, wana wa Habib el Wardi, na ndugu yake Muhammed bin Masud el Wardi, ambaye baba yake alikuwa mwingine lakini mama yao mmoja. Wajomba hao hawatajwi popote katika kisa cha Utetela kuulizwa juu ya mwanamke ambaye, kama angekuwapo, alikuwa wa nyumba ya baba yao. Na kwa hesabu ya umama, haki ya Muhammed bin Masud katika nchi ya Kasongo Rushie ilikuwa sawa kabisa na ya Hamed, lakini utawala alikabidhiwa Hamed peke yake, ambaye ndiye aliyekuwa amefika na msafara.