Muhimbi, Sumu na Tanuri: Miti Iliyodharauliwa katika Soko la Mbao la Kampala

Kyebando, katika tarafa ya Kawempe, haiko mbali na barabara ya Bombo, njia ya mbao zitokazo misitu ya Bunyoro. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, miti ya heshima katika soko la Kampala ilikuwa mvule na mkangazi. Mingi iliyosalia ilihesabiwa kuwa kuni.

Dharau hiyo ilikuwa na sera nyuma yake. Mwaka 1947 W. J. Eggeling, bwana misitu wa serikali ya kikoloni, alichapisha uchunguzi wake wa msitu wa Budongo, akieleza kwamba msitu usiposumbuliwa huishia kutawaliwa na muhimbi, mti mgumu unaodumaza misumeno. Kwa Idara ya Misitu, iliyotaka mikangazi, hiyo haikuwa habari njema. Kuanzia miaka ya 1950 miti "isiyo na faida" ilitiwa sumu ya magugu iliyochanganywa na dizeli, ikafa ikiwa imesimama. Mikuyu, chakula cha sokwe, haikusalimika.

Mwaka mmoja tu kabla ya andiko hilo, Alfred Stamm na wenzake huko Madison, Marekani, walikuwa wameeleza namna ya kutuliza ubao kwa joto. Wafini waliigeuza kuwa biashara katika miaka ya 1990. Ubao hupashwa nyuzi 160 hadi 240 za Selsiasi ndani ya mvuke, pasipo oksijeni ya kuuwasha. Hemiselulosi huvunjika, ubao hunywa maji kidogo, haujikunji ovyo, na kuvu hukosa lishe. Gharama yake ni nguvu: ubao huwa mkavu na mwepesi kuvunjika.

Je, tanuri lingeuokoa muhimbi? La. Kasoro yake ni ugumu, si kuoza. Wanaofaa zaidi ni miti ya jenasi ya Celtis, mingi huko Budongo, ambayo ubao wake huoza upesi. Lakini hapa washauri wa sera wanapaswa kusita: joto halizuii mchwa, na ubao uliopashwa haufai kuzikwa ardhini. Kwa fundi wa Kyebando, hilo linaacha fremu za madirisha, dari na samani za ndani. Nguzo za ua na boriti za paa zibaki kwa miti mingine.