Mwenzio anapohatarisha afya akisaka umbo: Unayopaswa kujua na kufanya

Mazoezi ya viungo si anasa ya wachache tena. Katika miji ya humu nchini, jimu zimechipuka hadi kwenye mitaa ya kawaida, na alfajiri barabara hujaa watu wanaokimbia kabla ya kwenda kazini. Hilo ni jambo la heri, kwani mwili unaotumika vyema hujikinga dhidi ya shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Hata hivyo, zipo nyumba ambamo azma hiyo imezua hofu badala ya afya. Mume anaficha kabatini vichupa vya dawa ya kudunga ambayo hakuandikiwa na daktari yeyote. Mke anashinda njaa kutwa, akinywa chai ya kukondesha aliyonunua mtandaoni. Mwenzake anatazama asijue la kufanya: akinyamaza anahofia msiba, akisema anaambiwa ana wivu.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mwili ni wa mtu mmoja ilhali madhara ni ya watu wawili, na aghalabu ya watoto pia. Huwezi kumwamulia mtu mzima atakachotia kinywani. Lakini una haki ya kujua kinachoingia nyumbani mwako, kusema unachokiona na kuweka mipaka ya yale utakayokubali kushiriki.

TENGANISHA LENGO NA NJIA

Kosa la kwanza la wengi ni kupinga kila kitu kwa pamoja. Anayetaka kupunguza kitambi au kujenga misuli hana hatia. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, unga wa protini uliotengenezwa vyema na kreatini kwa kipimo kinachofaa si sumu. Maumivu ya misuli kwa siku mbili tatu baada ya zoezi jipya ni ya kawaida. Ukipiga kamsa kwa mambo kama hayo, hutasikizwa siku utakapoona hatari ya kweli.

Hatari huanza pale siri inapoingia. Jiulize: Je, anaficha anachotumia? Je, anajua kilichomo, au ameambiwa tu na rafiki wa jimu kwamba kinafanya kazi? Je, anaendelea na mazoezi hata akiwa na homa au jeraha? Je, karo au kodi ya nyumba imeanza kuliwa na dawa? Je, amekoma kula mezani na jamaa yake, au haachi kujikagua kwenye kioo na kulalamika kuwa bado ni mwembamba ilhali kila mtu anaona amejaa?

Hilo la mwisho laweza kuwa maradhi. Madaktari wa akili wanatambua hali ambapo mtu aliyejaa misuli hujiona dhaifu, kama vile ambavyo mtu aliyekonda kupindukia hujiona mnene. Aliye katika hali hiyo hawezi kuponywa kwa kubishana naye; anahitaji mtaalamu.

DAWA ZA KUTUNISHA MISULI

Dawa zinazotumiwa sana na watunishaji misuli ni steroidi, ambazo huiga testosteroni, homoni ya kiume. Hospitalini zina kazi yake halali. Lakini wanaosaka misuli hutumia viwango vinavyopita kwa mbali vile vya tiba, na mara nyingi huchanganya aina kadhaa kwa wakati mmoja.

Dawa hizi hupandisha shinikizo la damu, huharibu uwiano wa mafuta katika damu na hunenepesha msuli wa moyo hadi ukashindwa kufanya kazi ipasavyo. Zile za kumeza huumiza ini. Hasira za ghafla, kukosa usingizi na chunusi nyingi mgongoni ni miongoni mwa dalili ambazo mke huziona kabla ya daktari.

Kuna kinaya pia. Mwanamume anayezitumia ili aonekane dume kamili hujipunguzia uwezo wa kupata mtoto. Ubongo ukishahisi kuwa homoni imejaa mwilini, huziamuru korodani zipumzike. Zinasinyaa, na mbegu za kiume hupungua au hutoweka. Kurejea katika hali ya awali kwaweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wanandoa wanaohangaika kutafuta mtoto wanapaswa kumweleza daktari jambo hili waziwazi. Kwa wanawake, sauti inaweza kuwa nzito na isirudi tena ilivyokuwa.

Madhara mengine humfikia hata asiyetumia. Testosteroni ya kupaka hupita kutoka ngozi hadi ngozi. Mnamo 2009, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizo baada ya watoto walioguswa na waliozipaka kuanza kuota nywele za sehemu za siri na kuonyesha dalili nyingine za kubaleghe kabla ya wakati. Nao wanaochangia sindano huweza kuleta nyumbani virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini.

Kisa cha Andreas Münzer, mtunishaji misuli maarufu wa Austria, kingali funzo. Alifariki Machi 1996 akiwa na umri wa miaka 31 baada ya viungo vyake kadhaa kushindwa kufanya kazi. Alikuwa akisifiwa kote kwa mwili usio na mafuta.

KUKONDA KWA HARAKA

Historia ya dawa za kukondesha imejaa makaburi. Katika miaka ya 1930, kemikali iitwayo dinitrofenoli, au DNP, ilitumiwa Marekani kupunguza uzani. Huuchoma mwili kutoka ndani: joto hupanda bila kizuizi, na haina dawa ya kuipinga. Ilipigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu mnamo 1938, lakini hadi leo huuzwa kichinichini kupitia intaneti.

Sibutramini nayo iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mnamo 2010 baada ya kubainika kuwa iliongeza visa vya mshtuko wa moyo na kiharusi miongoni mwa waliokuwa na maradhi ya moyo. Tangu hapo imekuwa ikigunduliwa mara kwa mara ndani ya chai na vidonge vinavyodaiwa kuwa vya mitishamba mitupu. Ndiyo sababu neno 'asilia' kwenye pakiti si hakikisho la usalama.

Siku hizi kuna sindano za semaglutidi, dawa halali ya kisukari iliyoidhinishwa pia kupunguza uzani. Chini ya uangalizi wa daktari imewafaa wengi. Tatizo ni zile zinazonunuliwa vichochoroni. Juni 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia zilizogunduliwa katika nchi kadhaa. Isitoshe, dawa hiyo haipendekezwi kwa mama mjamzito, na anayepanga kushika mimba hushauriwa aiache miezi miwili kabla. Mama aliyejifungua majuzi, anayesukumwa na maneno ya watu arudishe umbo lake, asiiguse bila kumwona daktari.

Wapo pia wanaojikausha maji mwilini kwa dawa za kukojoza au kwa kufanya mazoezi wakiwa wamevaa nguo za plastiki. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu nchini Marekani walifariki katika muda wa wiki chache wakijaribu kupunguza uzani kwa njia kama hizo. Walikuwa vijana wenye nguvu. Maji na chumvi zikipungua kupita kiasi, mapigo ya moyo huvurugika, nao ujana hausaidii.

MAZOEZI YENYEWE YANAPOZIDI

Hata bila dawa, mwili una kikomo. Anayeanza kwa pupa, hasa baada ya muda mrefu bila mazoezi, anaweza kuvunja misuli kiasi kwamba mabaki yake yanaziba figo. Dalili kuu ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, pamoja na maumivu makali na uvimbe. Hiyo ni dharura.

Mwanamke anayefanya mazoezi mengi huku akila kidogo huweza kukosa hedhi kwa miezi. Wengine hulichukulia kuwa jambo la kawaida kwa wanamichezo. La hasha! Ni ishara kwamba mwili umekosa nishati, na mifupa inadhoofika kimyakimya.

Ikiwa mwenzio ni mwanariadha wa mashindano, kuna hatari ya ziada. Sheria ya Kukabiliana na Dawa za Kusisimua Misuli ilipitishwa nchini mnamo 2016, na marufuku ya kawaida kwa anayezitumia kimakusudi ni miaka minne. Bingwa wa Boston Marathon, Rita Jeptoo, alipatikana na EPO kwenye sampuli ya 2014. Mnamo 2016 mahakama ya rufaa za michezo iliongeza adhabu yake kutoka miaka miwili hadi minne. EPO huifanya damu kuwa nzito, na damu nzito huganda. Hivyo basi, nyumba huweza kupoteza riziki na mtu kwa chupa moja.

NAMNA YA KUZUNGUMZA NAYE

Chagua wakati mwafaka. Usimkabili akiwa ametoka jimu, akiwa na njaa au mbele ya watoto. Anza na ulichokiona, wala si hukumu. Kumwambia, "Baba watoto, usiku nasikia moyo wako ukienda mbio na siwezi kulala, naomba tuzungumze," kunafungua mlango. Kumwambia, "Umekuwa mraibu," kunaufunga.

Uliza kabla ya kushauri. Anataka nini hasa? Wengine hukimbilia njia za mkato baada ya kutishwa na daktari, wengine baada ya kuachwa nyuma kazini, na wengine baada ya kuchekwa. Hapa panahitaji ujasiri wa kujichunguza pia. Iwapo kila siku ulimtania kuhusu kitambi chake, au ulimlinganisha na jirani, maneno yako huenda yalimpa mwendo. Hilo halikufanyi mwenye hatia ya uamuzi wake, lakini kuacha utani huo ni tiba ya kwanza ambayo haigharimu hata senti.

Usimtupie dawa zake kisiri. Atanunua nyingine na kuzificha vyema zaidi. Muhimu zaidi, aliyetumia steroidi kwa muda mrefu akizikatiza ghafla hubaki na homoni kidogo mno, kwani mwili ulikwisha kuacha kujitengenezea yake. Huzuni nzito, uchovu na kukosa hamu ya ndoa hufuata, na wengine hufikia kutaka kujiua. Kuacha kufanyike kwa msaada wa daktari.

Pendekeza vipimo badala ya mabishano. Shinikizo la damu, hali ya ini na figo, mafuta katika damu na umeme wa moyo ni vipimo vinavyopatikana katika hospitali nyingi kubwa. Takwimu za mwili wake mwenyewe humshawishi mtu kuliko kilio cha mkewe au mumewe. Jitolee kuandamana naye, na mhimize amweleze daktari kila anachotumia. Kuhusu dawa, ombeni kuona kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na inunuliwe kwenye duka lenye leseni pekee.

Kisha mpe njia mbadala. Pikeni pamoja, tembeeni pamoja jioni, tafuteni mkufunzi asiyeuza dawa. Anayeona lengo lake likiheshimiwa huwa tayari zaidi kubadilisha njia.

WEKA MIPAKA YAKO

Huenda akakataa. Sikio la kufa halisikii dawa, na si jukumu lako kumlinda mtu mzima usiku na mchana. Hata hivyo, unaweza kutamka bayana yale usiyokubali: sindano zisihifadhiwe mahali watoto wanapofika, pesa za karo zisiguswe, dawa ya kupaka ifunikwe kwa nguo na mikono ioshwe kwa sabuni, usitumwe kununua wala kumdunga, na kama amewahi kuchangia sindano, nyote mpimwe.

Mwambie mtu mmoja unayemwamini, awe ndugu, mshauri wa ndoa au kiongozi wa dini anayeweza kutunza siri. Kuitangaza aibu ya mwenzio kwa ukoo mzima humfukuza, lakini kuubeba mzigo peke yako hukumaliza.

Hasira zikigeuka vipigo au vitisho, usiseme ni dawa zinazomtuma. Chanzo chaweza kuelezeka, lakini usalama wako na wa watoto hutangulia. Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inakuwezesha kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na nambari 1195 hupigwa bila malipo kwa msaada wa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Mkimbize hospitalini mara moja ukiona maumivu ya kifua, kuzirai, kukosa pumzi akiwa ametulia, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito. Fanya vivyo hivyo kwa mkojo mweusi, macho ya manjano, joto kali la mwili baada ya kumeza vidonge vya kukondesha, au maneno ya kutaka kujiua. Beba pakiti au chupa ya alichotumia, hata kama alikusihi usimwambie mtu. Siri uliyoombwa kuitunza haina uzito mbele ya uhai wake, na daktari hawezi kutibu asichokijua.

Umbo zuri hujengwa kwa miezi na miaka, kwa chakula cha kutosha, usingizi na mazoezi yasiyokatika. Mwenzio ana haki ya kulitafuta. Wewe nawe una haki ya kutaka alitafute kwa njia itakayomwacha hai alifurahie.