Mkufunzi Mmoja, Watoto Wawili

Mwaka 1988 Albert Shanker, kiongozi wa chama kikubwa cha walimu Marekani, alipendekeza walimu waruhusiwe kuanzisha shule za majaribio. Alitaka kitakachofaa humo kirudi kunufaisha shule za kawaida. Miaka 3 baadaye jimbo la Minnesota likatunga sheria ya kwanza ya shule za namna hiyo, ziitwazo shule za mkataba. Shule hizi huendeshwa kwa kodi na hazitozi ada, sawa na shule za kawaida, yaani za wilaya. Ila shule ya wilaya hufuata ratiba na ajira za wilaya. Ya mkataba hujipangia, nayo ikishindwa yaweza kunyang’anywa mkataba.

Kurudi huko kwa mafunzo kwenye shule za kawaida kulikawia. Kulijaribiwa kwa dhati Houston, mji ulikozaliwa mtandao wa shule za mkataba uitwao KIPP mwaka 1994. Kuanzia 2010, mchumi Roland Fryer na wilaya ya shule ya mji huo walipeleka katika shule 20 za wilaya zilizokuwa nyuma mambo waliyoyaona katika shule za mkataba zilizofaulu. Karibu wakuu wote wa shule hizo walibadilishwa, saa za masomo zikaongezwa, na mitihani midogo ya mara kwa mara ikawaonyesha walimu nani amekwama wapi. Baadhi ya madarasa yalipewa wakufunzi wa hisabati: mmoja kwa watoto wawili, kila siku, ndani ya ratiba. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asidhani ni tuisheni; mzazi hakutoa hata senti. Hisabati ilipanda sana. Kusoma hakukusogea kwa kiasi hicho, na ni haki kulisema hilo.

Mimi ningeanza na wakufunzi hao, wala si nidhamu ya kutembea kimya kwenye mistari iliyozipa sifa baadhi ya shule za mkataba. Kuna tofauti isiyoazimika pia. Mtoto huingia shule ya mkataba kwa kuombewa nafasi, na waombaji wakizidi nafasi hugawiwa kwa bahati nasibu. Baadhi ya shule hizo hazijazi nafasi zinazoachwa katikati ya mwaka. Shule ya wilaya haina mlango wa kufunga. Mtoto akihamia mtaani mwezi Machi, hajui sehemu wala desimali, itampokea kesho yake asubuhi. Huyo ndiye ningemkalisha kwanza mbele ya mkufunzi, na mwenzake mmoja ubavuni.