Mama Alipopotea Ruiru: Sehemu Ndogo ya Ubongo Inayotunza Kumbukumbu na Njia

Mwaka juzi nilimtoa mama yangu Kibokoni, Mombasa, nikamleta Ruiru ninakoishi. Nilijiona nimefanya la maana. Mama amefiwa na mumewe, yuko peke yake ghorofani, na mimi kazi yangu iko Thika. Wiki ya tatu nikapigiwa simu kazini: mama alitoka kununua nazi duka la pili kutoka getini, saa mbili zimepita na hajarudi.

Nilipanda matatu, na njia nzima nikiangalia nje dirishani. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemwona, karibu na steji ya Kimbo, ameketi kwenye benchi la kibanda na nazi zake mbili mapajani. Hakuwa akilia. Aliniambia tu, "Mwanangu, nyumba za huku zote zafanana. Kule kwetu hata nifumbe macho nafika."

Na ni kweli. Mama huyu, usiku umeme umekatika, atatoka Kibokoni, apite Mkanyageni, atokee Ndia Kuu, ashuke hadi Forodhani bila kumuuliza mtu. Sasa amepotea hatua mia moja kutoka nyumbani. Jirani mmoja alisema amerogwa. Zahanati moja ikatuambia ni uzee tu, turudi nyumbani. Sikuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili, nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua. Mimi si daktari, lakini niliyoyapata naona ni haki yenu wasomaji wa Pwani kuyajua, kwa kuwa wengi wetu tuna wazazi kule nyumbani na sisi tuko bara.

Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, kuna kiungo kidogo kila upande, kisichofikia urefu wa kidole cha mwisho. Kimejipinda mfano wa farasi wa baharini, yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi anayekaa kwenye nyasi za bahari. Ndiyo sababu mpasuaji wa Kiitaliano, Aranzi, katika karne ya 16 alikipa jina la Kigiriki la kiumbe huyo. Leo twakiita hipokampasi.

Kazi yake ilijulikana vizuri kwa sababu ya msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953 kule Marekani, Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa kichwa ili kutibiwa kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi ikaondolewa pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza kuweka jambo jipya likakaa. Mtafiti Brenda Milner alikutana naye kwa miaka mingi, na kila mara alikuwa mgeni kwake. Hata hivyo Molaison aliyakumbuka mambo ya utotoni, na aliweza kujifunza kazi ya mikono kwa kurudia siku baada ya siku, ingawa hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya. Wataalamu wakaelewa kwamba hipokampasi ni mlango wa kumbukumbu mpya. Za zamani zaweza kubaki hata mlango ukifungwa, na mazoea ya mwili yana njia yake nyingine.

Mwaka 1971 likaja la pili. John O'Keefe, mtafiti wa London, pamoja na mwenzake, alinasa sauti za seli za hipokampasi za panya anayetembea. Kila seli iliamka panya alipofika mahali pake maalumu, moja kwenye pembe hii, nyingine pale. Seli nyingi zikiungana, ubongo unapata ramani. Mwaka 2005, May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway, wakiwa na wanafunzi wao, walieleza seli nyingine jirani na hipokampasi zinazopima nafasi kwa vituo vilivyopangika sawasawa, kama mafundo ya wavu wa mvuvi. O'Keefe na hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Ramani hii hukua kwa kutumiwa. Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa London, wanaolazimika kuhifadhi maelfu ya mitaa kichwani, walikuwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi kubwa kuliko watu wengine. Mwaka 2006 wakawalinganisha na madereva wa mabasi wanaorudia njia moja, na wa teksi wakawazidi tena katika sehemu hiyo. Kwetu huku ni kama kumlinganisha dereva wa matatu anayekwenda Thika na kurudi kwa barabara kuu ile ile, na kijana wa bodaboda anayeingia kila kichochoro cha Ruiru.

Sasa lililonigusa zaidi. Mwaka 1999, watafiti Teng na Squire waliandika habari za mzee mmoja wa California, waliyemtaja kwa herufi E.P. tu. Maradhi ya ubongo yalimharibia hipokampasi pande zote, kisha akahamia mji mwingine. Alipoulizwa njia za mtaa aliokulia, alizieleza barabara kwa barabara, hata njia za mkato. Alipoulizwa za mtaa anaoishi sasa, hakujua hata moja.

Niliposoma hayo nilimwona mama. Ramani ya Mji wa Kale iliandikwa zamani na imekaa. Ya Ruiru haikuandikika. Kule Kibokoni kila mlango una sura yake na kila mtu anamwita kwa jina, kwa hiyo ugonjwa ulijificha. Mimi nilipomhamisha ndipo ulipojitokeza.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, hipokampasi na sehemu inayopakana nayo ni miongoni mwa za mwanzo kuharibika. Kwa hiyo mzee anayeanza kupotea njia, au kuuliza swali lile lile mara nne kabla ya chai kupoa, anatoa ishara. Mpelekeni hospitali mapema. Si kila usahaulifu ni ugonjwa huo: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni, maambukizo ya mkojo, huzuni, na hata baadhi ya dawa huvuruga akili, na hayo yana tiba. Presha na sukari, ambazo kwetu Pwani ni nyingi, huongeza hatari, basi zidhibitiwe. Na kutembea kunasaidia: utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 kwa wazee 120 wasio na ugonjwa huo ulionyesha kwamba waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, hipokampasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 2.

Mama alipigwa picha ya MRI, na daktari wa mishipa ya fahamu akatuonyesha mahali palipokonda. Tuliketi kama familia. Mimi nilitaka abaki, kwa kuwa nilishamtengenezea chumba. Ndugu yangu mdogo wa kike akasema, "Kaka, chumba umemtengenezea wewe, lakini njia anazijua ziko kwetu." Mama akarudi Kibokoni, anakaa naye. Kwenye mkoba wake kuna karatasi ya namba za simu, na wenye maduka wote wamearifiwa.

Siwadanganyi, ugonjwa huu mwishowe hufuta na ya zamani pia. Lakini kwa sasa anakwenda kununua nazi na anarudi. Nikimpigia simu huniuliza ninaishi wapi siku hizi. Namwambia Ruiru, mama. Hunijibu, "Ni mbali huko? Sijapata kufika."